Mashine Kuukuu za Kufulia: Safari Yetu ya Tarime na Serengeti



Mtu atokaye pwani akifika Tarime hushangazwa kwanza na baridi. Mji huu umo katika nyanda za juu za mkoa wa Mara, karibu na mpaka wa Kenya, na mvua za masika hapa hazina haraka ya kuondoka. Nguo iliyofuliwa Jumatatu yaweza kuonekana Jumatano ingali imetundikwa ndani, mbichi, yenye harufu ya uvundo. Penye watoto sita, kanzu, sare za shule na mablanketi, kufua humaliza siku nzima ya mama na binti zake. Nasi walimu twaijua siku hiyo bila ya kuambiwa, kwa kuwa safu ya wasichana madrasani huwa na mapengo.

Kwa ajili hiyo tulifunga safari pamoja na jirani yetu, kutafuta mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika, itengenezwe, kisha itumiwe kwa zamu na nyumba tatu. Mpya hatukuiweza bei.

Tulianzia Sirari, mpakani, mahali penye biashara ya kila namna. Huko tulionyeshwa mashine nzuri ya mlango wa mbele, imara kama sanduku la chuma. Walakini kibao cha nyuma kilieleza kuwa imeundwa kwa umeme wa Marekani, volti 120 na mizunguko 60, na umeme wetu ni volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hugeuza volti, lakini haigeuzi mizunguko. Tena mashine ya namna hiyo hutaka maji ya bomba yenye nguvu, na aghalabu ya nyumba zetu huteka maji kwa madumu. Kando yake palikuwa na mashine ya kukaushia. Hiyo hula wati 2,000 hata 3,000, yaani kama pasi mbili au tatu zikiwashwa pamoja. Na manyoya ya nguo yasipoondolewa kila mara katika chujio lake, yaweza kushika moto. Tuliziacha zote mbili.

Tulirudi Tarime mjini kwa fundi mmoja mtu mzima, akatupa shauri lililotufaa kuliko fedha. "Maalim," alisema, "tafuteni ile ya matangi mawili. Tangi moja lafua, la pili lakamua. Maji mtamimina kwa ndoo." Akatufunza dalili za ugonjwa wake. Mota ikivuma pasipo kuzunguka, huenda kapasita imekufa. Na kapasita isishikwe ovyo hata waya ukiwa umechomolewa, kwani huweka umeme ndani yake. Mota ikizunguka na sahani ya chini isizunguke, tazama mkanda. Maji yakivuja penye mhimili wa tangi la kukamulia, sili imechakaa, na maji hayo yataiangukia mota iliyo chini na kuiharibu. Akamaliza kwa kusema, "Usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi na maji ndani."

Siku ya pili tulishika njia ya Mugumu. Tulipita Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, kisha tukauvuka mto Mara kwa daraja. Mto huu hutoka misitu ya Mau huko Kenya, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kando yake tuliwaona wanawake wakifua juu ya mawe, na mtoto amesimama kulinda, kwani mto una mamba. Hapo ndipo tulipofahamu kuwa jambo tulilolifuata halikuwa la anasa.

Mugumu ndio mji mkuu wa wilaya ya Serengeti, jirani na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1951. Kambi za watalii hufua mashuka mengi, na vyombo vyao vikichakaa baadhi yake hufika kwa mafundi wa mjini. Kwa mmoja wao tuliikuta mashine ya matangi mawili, imefifia rangi. Panya walikuwa wamekata nyaya, mkanda umelegea, na waya wa breki umekatika. Hilo la breki lisidharauliwe: ukifunua kifuniko cha tangi la kukamulia, umeme hukatika na breki hulisimamisha. Breki isipokuwapo, tangi huendelea kuzunguka kwa kasi, na mkono wa mtoto waweza kuvunjika. Fundi alitia waya mpya, mkanda na sili, akaunganisha waya wa ardhini, akaziba sehemu ya chini kwa wavu ili panya wasirudi. Bei ya mashine na ufundi pamoja haikufika nusu ya mpya.

Sasa neno la tahara, kwa sababu akina mama wametuuliza. Tangi hilo halifiki maji ya kulateni, ambayo hukadiriwa kama lita 200. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, nguo yenye najisi isitumbukizwe katika maji machache, bali maji yamiminwe juu yake. Basi najisi iondolewe kwanza kwa mkono, nguo imiminiwe maji safi hata athari iondoke, ndipo iingie mashineni. Maji ya suuza ya mwisho yasimwagwe; yawekwe yaoshe sakafu. Tumekatazwa israfu hata penye mto.

Nguo zilizokamuliwa sasa hukauka barazani hata siku ya mawingu, na wasichana wa nyumba zile tatu hawakosi tena darasa kwa sababu ya kufua.

Nasi twawanasihi wenye majumba: kabla hamjatupa chombo kwa kuwa kimenyamaza, mwiteni fundi akifungue. Huenda kilichokufa ni mkanda tu, na binti wa jirani yako angali akishinda mtoni.

Wabillahi tawfiq.