Miaka Yangu Ndani ya Milango ya Magari

Gereji yangu iko Maganzo, kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, karibu na mgodi wa Mwadui. Watu wakisikia Maganzo huwaza almasi na madalali wake. Mimi maisha yangu yamepita ndani ya milango ya magari, katika ile nafasi nyembamba kati ya bati la nje na kava la ndani, mahali penye mota, nyaya, reli za kioo na vumbi la barabara zetu zote.

Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Mgodi ule ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, na hadi anafariki mwaka 1958 palikuwa pameota mji mzima ndani ya ua: nyumba, hospitali, shule, kiwanja cha ndege, karakana. Wenzangu walivutwa na mpira. Mimi nilivutwa na karakana. Mwaka huohuo wa 1940, huko Marekani, kampuni ya Packard ilitoa magari ambayo vioo vyake havikuzungushwa kwa mkono. Vilisukumwa kwa mafuta yenye mgandamizo. Sisi tulikuja kuvijua vioo visivyozungushwa kwa mkono miaka mingi baadaye, magari ya mitumba ya Japani yalipoanza kumiminika kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mstaafu wa karakana, aliyefungua gereji chini ya mwarobaini. Nilipomletea gari la kwanza lenye kioo kisichopanda, nilikuwa tayari nimeshika bisibisi. Akanizuia. "Mwanangu, weka chini hiyo. Kwanza uliza umeme umefika wapi." Akanipa testa aliyoiunda mwenyewe: balbu ya taa ya breki, nyaya mbili, na misumari miwili iliyonolewa.

Testa ile ilinifundisha jambo ambalo vijana wengi wenye mita nzuri hawalijui. Waya wa mlangoni una nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Zikikatika nyingine zote ukabaki uzi mmoja unaogusa kwa shida, mita itakuonyesha volti 12 kamili, nawe utaapa kwamba umeme upo. Lakini mota ikidai umeme wake, uzi ule mmoja hauwezi kuupitisha. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampia 2, kwa hiyo kwenye waya wa namna hiyo inawaka kwa unyonge au haiwaki kabisa. Nyaya hizo hukatikia karibu kila mara mahali pamoja, ndani ya mpira unaotoka kwenye nguzo ya bodi kuingia mlangoni. Mlango ukifunguliwa na kufungwa zinakunjwa na kukunjuliwa, miaka na miaka. Mlango wa dereva ndio unaotangulia kuugua, kwa sababu ndio unaofunguliwa zaidi. Mteja akiniambia kioo hufanya kazi mlango ukiwa wazi na hugoma ukifungwa, huwa nimeshajua pa kuanzia.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilitoka Katoro, mkoani Geita. Mwenye gari alikuwa mnunuzi wa dhahabu aliyezunguka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, Masumbwe, Kagongwa hadi Kahama. Kioo cha abiria wa mbele kilikuwa kimegoma kikiwa chini. Mtu anayesafiri na fedha hawezi kulala nyumba ya wageni na gari lisilofungika. Alikuwa ameshauziwa mota mara mbili na mafundi wawili tofauti, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa kamba na nailoni.

"Fundi, niambie tu bei ya mota nyingine," akasema.

"Mzee, kaa kwanza unywe maji. Tuiulize iliyopo."

Nikaichomoa mota, nikaiunganisha moja kwa moja na betri. Ikazunguka vizuri. Nikageuza nyaya, ikazunguka upande wa pili. Mota ile ilikuwa nzima, na kwa nilivyoona, hata zile zilizotupwa zilikuwa nzima.

Hapa inabidi nieleze njia ya umeme, maana ndipo fedha za watu zinapopotelea. Katika magari mengi ya Kijapani tunayotumia, mota ya kioo ina nyaya mbili, na swichi ikiwa imetulia, zote mbili zimeshikamana na hasi. Ukibonyeza kupandisha, waya mmoja unahamishiwa kwenye chanya. Ukibonyeza kushusha, unahamishwa ule mwingine. Hasi ya kioo cha abiria haishiki bodi palepale mlangoni pake. Inapita swichi ya abiria, inavuka chini ya dashibodi, inaingia katika swichi kubwa ya dereva, na huko ndiko inakoipata bodi. Kwa hiyo kioo cha kushoto kinaweza kufa kwa ugonjwa ulio mlango wa kulia.

Niliweka testa kwenye swichi ya abiria. Chanya na bodi: balbu ikawaka kwa nguvu. Chanya na ule waya wa kurudi: giza. Nikahamia mlango wa dereva, nikaifungua swichi kubwa. Ndani, kontakti za kioo cha abiria zilikuwa zimefunikwa na utando mweusi unaonata. Dereva wa yule mzee alikuwa na desturi ya kunywa soda barabarani, na soda ilikuwa imemwagikia swichi. Sukari ikashika vumbi jekundu la Geita, na kila cheche ikaliunguza tabaka lile. Nikasafisha kwa spiriti, nikasugua kontakti kwa kifutio cha penseli, nikaziacha zikauke, nikafunga. Kioo kikapanda. Yule mzee alikishusha na kukipandisha mara nyingi bila kusema neno, kisha akauliza ni nani angemrudishia fedha za mota mbili. Sikuwa na jibu, na bado swali lile linaniumiza.

Kuna jambo jingine la swichi linalonitia hasira: mafuta. Swichi ikiwa ngumu, mtu anachukua mafuta yoyote ya kupuliza na kuijaza. Nimepokea mlango ambao swichi yake iliyeyuka na kutoboa plastiki ya kuegemeza mkono, baada ya mwenyewe kuipulizia mafuta ya kulegeza nati. Mwezi Oktoba 2012 Toyota ilitangaza kurudisha karakana magari milioni 7.43 duniani kote kwa sababu ya swichi ya vioo ya dereva, Vitz yakiwamo. Grisi ya kiwandani haikuwa imepakwa sawasawa, swichi zikawa zinakwama, na kampuni ilionya kwamba kuongeza vilainishi vya madukani kunaweza kuifanya swichi ipate joto hadi iyeyuke. Mwaka 2015 likafuata tangazo jingine la swichi hizo, magari milioni 6.5.

Sasa fikiria gari lililouzwa kwa mnada Japani, likapanda meli, likafika Maganzo likiwa na mmiliki wa tatu au wa nne. Barua ya tangazo itamfikiaje? Mtu pekee anayeweza kumwambia ni fundi wake. Ndiyo maana nasema fundi asiyesoma anahatarisha watu, hata kama mikono yake ni hodari.

Mota nazo hufa, sikatai. Ukigonga mlango kwa kiganja kioo kikashtuka na kusogea, makaa ya mota yamekwisha. Hayo tunayabadilisha, tunachukua makaa ya mota kubwa zaidi, tunayapunguza kwa msasa mpaka yakae sawa. Lakini mota nyingi zinachoshwa tu. Vumbi limejaa kwenye raba za pembeni, kioo kinabanwa, mota inapata moto, kinga yake ya joto inakata umeme, na baada ya kupoa inafanya kazi tena. Dawa yake ni maji, sabuni na kitambaa, kisha silikoni ya kupuliza kwenye raba. Grisi hapo ni adui, inakusanya vumbi lote.

Na ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango, nawasihi mafundi wenzangu, msiitupe. Iliwekwa ili maji yanayoteremka na kioo yatokee chini ya mlango yasiifikie swichi. Nimefungua milango mingi isiyo na nailoni, na karibu kila mmoja ulikuwa na kutu ya kijani kwenye plagi.

Kuna kazi ambayo silipishi. Mtu amebadilisha betri, na kioo kilichokuwa kikipanda chenyewe kwa mguso mmoja kimesahau. Vioo vya aina hiyo vina kihisi kinachofuatilia mizunguko ya mota ili kioo kirudi chini kikikutana na mkono wa mtoto. Umeme ukikatwa, kumbukumbu inapotea. Katika magari mengi unakipandisha hadi mwisho na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache, nacho kinajifunza upya. Humwonyesha mwenye gari afanye mwenyewe, halafu namwambia habari ya kile kitufe cha kufunga vioo vya abiria, akibonyeze kila anapobeba watoto nyuma.

Magari yanayoingia sasa yamebadilika tena. Swichi inatuma ishara ndogo tu kwa kompyuta iliyo ndani ya mlango, na kompyuta ndiyo inayoiamuru mota. Balbu ya mzee aliyenifundisha huvuta umeme mwingi kuliko sakiti hizo zinavyostahimili, kwa hiyo nimewakataza vijana wangu kuigusisha huko. Kwenye nyaya za ishara tunatumia mita na michoro. Kila gari tunaloshinda tunaliandika kwenye daftari: rangi za nyaya, volti injini ikiwa imezimwa, volti ikiwa inaunguruma, na mahali ugonjwa ulipokuwa. Daftari la kwanza limejaa mafuta na kurasa zake zinachanika, kwa hiyo binti mmoja aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA Shinyanga analinakili upya, na kila waya asiouamini anakwenda kwanza kuupima.