Kutoka Kigali mpaka Gihembe kwa kinga

Sisi ni watatu wa mama mmoja, wavulana wawili na dada yetu, na wote tulikulia Gihembe. Tangu tufike mjini tunaishi kwa kinga, ndiyo baiskeli kwa wale watoto waliosahau Kiswahili cha nyumbani. Wiki nzima tunabeba maziwa na ndizi pembezoni mwa mji, Jumapili kinga zinalala. Sasa mama alipotupigia simu kuuliza kama kaburi la baba bado linaonekana, tukasema basi, tutaenda kuangalia, na tutaenda kwa hizi hizi kinga.

Wengi wenu mlitoka Gihembe mwaka 2021 kambi ilipofungwa. Mlipanda magari na magodoro yenu na hamjapata nafasi ya kurudi. Ndiyo sababu tunaiandika njia yote.

Kutoka Nyabugogo mpaka Byumba ni kama kilomita 60. Si mbali kwa gari, lakini Nyabugogo iko kwenye bonde, karibu mita 1,400 juu ya bahari, na Byumba imepita 2,000. Hesabu hiyo utaisikia kwenye magoti. Tuliondoka saa kumi na nusu za usiku, tumefunga kwenye karea pampu, tyubu moja ya akiba, jembe dogo na mandazi. Gatsata bado ilikuwa giza. Ukishapita Nyacyonga nyumba zinapungua, unaanza kusikia vyura kwenye mashamba ya bondeni na jogoo wa mlima huu akijibiwa na wa mlima ule. Wakati huo barabara ni yako. Unakutana na mama mmoja mmoja anayewahi kanisani, na vijana wanaosukuma kinga zilizojaa viazi.

Tusiwadanganye lakini, ule utulivu una saa zake. Hii ndiyo barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, na tangu mpaka ulipofunguliwa tena mwanzoni mwa 2022 malori yanapita mengi. Kuanzia saa mbili hivi asubuhi kaeni pembeni kabisa. Na ile tabia ya kushika lori kwa nyuma ili likuvute mlimani, tuliiona tena siku hiyo, vijana wawili wamening'inia kwenye kona. Wazazi, kama mtoto wenu anafanya hivyo huko, mwambieni aache.

Kuna mlima unaokaribia Byumba ambao hatukuupanda, tuliusukuma. Kinga zetu hazina gia. Wala hatukuona aibu, maana Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika hapa Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, na sisi tulisimama Nyamirambo kwenye kile kipande cha mawe wanachokiita Ukuta wa Kigali. Siku ya mwisho wanaume walipangiwa kilomita 267 na nusu. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Tuliwaona watu wanaolipwa kwa kazi hiyo wakihema kama sisi tunapobeba bidoni mbili. Hata huko Byumba si wageni wa mambo haya: Februari 2025 hatua moja ya Tour du Rwanda ilianzia Rukomo, pale jirani, ikaishia Kayonza.

Dada yetu ndiye alitutangulia karibu njia yote. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, na mzee mmoja akatuuliza kama hatuna huruma, kumpandisha msichana kinga mlima wote huo. Dada akamjibu mwenyewe, kwa heshima, kwamba hakuna aliyempandisha. Kuna Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan. Kule kwao alirushiwa mawe kwa sababu ya kuendesha baiskeli. Ufaransa ilimpokea mwaka 2017, akaendelea kuendesha huko, na mwaka 2021 akashindana Tokyo katika timu ya Olimpiki ya wakimbizi. Paris 2024 akawa kiongozi wa timu hiyo. Tulimsimulia yule mzee. Alicheka, akasema aende basi. Si mbaya.

Tulifika saa tano na nusu. Baridi ya Byumba mnaijua wenyewe, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka vizuri. Pale kambini nyumba hazipo. Yale makorongo yaliyokuwa yanatunyima usingizi kila mvua ikinyesha bado yapo, ila sasa yameota majani, na kuna miti michanga. Ukisimama pale huwezi kuamini kwamba watu waliokimbia Mudende mwishoni mwa 1997 walijenga hapo maisha ya miaka zaidi ya 20, harusi, ubatizo, shule, na sisi tukazaliwa humo. Tulitafuta mlango wetu kwa kuhesabu hatua kutoka njia ya maji. Dada anasema tuliupata. Sisi wengine hatuna hakika.

Kaburi tulilipata. Msalaba wa mbao umeoza chini lakini jina linasomeka. Tulipalilia, tukainua mawe yaliyolala, tukafanya vilevile kwa makaburi manne ya jirani ambayo majina yake tunayajua. Familia zao tumeshazipigia. Mama, usiwe na wasiwasi tena juu ya hilo.

Kurudi ni breki tu. Tuliondoka saa nane, tukaingia Nyabugogo saa kumi na mbili jioni, mikono inauma kuliko miguu.

Kwa kijana anayetaka kujaribu: usianze na Byumba. Anza na njia ya Nyamata, kama kilomita 30 kutoka mjini. Unateremka mpaka daraja la Nyabarongo, na ukishaingia Bugesera milima inakuwa midogo, mtu anaweza hata kuongea akiendesha. Aliyeko kambini achukue kwanza barua yake ya ruhusa, maana bila hiyo safari inaweza kuishia njiani. Akague breki mbili, si moja. Na wazee wanaokumbuka chukudu za Masisi wawasimulie hawa watoto, maana tulipowaambia wenzetu mjini kwamba watu walibeba magunia ya viazi kwa kinga ya mbao isiyo na pedali, walidhani tunatunga.

Tutarudi Gihembe mwezi wa sita mvua zikiisha, na msalaba mpya. Mwenye kaburi lake kule atutumie jina kupitia wahariri wa gazeti hili. Na yule mzee wa jirani yetu wa zamani aliyetuomba tumwangalizie mwavokado wake: upo, na una matunda.