Darubini Peke Yake Uani

Watu wengi wakisikia habari za kupiga picha za anga hudhani kazi kubwa ni kuitafuta nyota. Siku hizi sivyo. Kompyuta ndogo inaweza kuielekeza darubini kwenye nebula ndani ya dakika chache. Kazi kubwa ni fokasi, yaani kuiweka kamera mahali hasa ambapo miale ya nyota inakutana, na kuhakikisha inabaki hapo usiku kucha, joto likishuka, upepo ukivuma na vichujio vikibadilishwa. Wenye nafasi huamka kila baada ya saa moja, wakaenda kuirekebisha kwa mkono. Mimi likizo zangu nazimalizia Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, na huko kutoka usiku wa manane kwenda kuinamia bomba lililosimama juu ya miguu mitatu si jambo la kufanya.

Sababu zinajulikana. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na tarehe 24 Machi 2021 yakaingia Palma yenyewe. Watu walikimbia, wengine kwa miguu kuelekea Mto Ruvuma, wengine kwa mashua mpaka Pemba. Wengi wamerudi. Wanajeshi wa Msumbiji na wa Rwanda wanapita barabarani, na mchana ukiwa sokoni unaweza kusahau. Usiku ni habari nyingine. Kwa bibi mlango unafungwa saa tatu na haufunguliwi tena hadi alfajiri. Sasa fikiria bomba refu jeusi limeinuliwa kuelekea angani, gizani, na kijana ameinama nyuma yake na taa nyekundu. Hakuna haja ya kuuliza mtu mwenye bunduki atadhani nini.

Mjomba, ambaye ndiye mwenye darubini, alifanya la busara. Alimwita mkubwa wa mtaa mchana kweupe, akaitoa nje, akamwonyesha kioo mbele na kamera nyuma. Hapo ruhusa ya mtaa ikapatikana. Ya bibi ilikuwa ngumu zaidi.

"Hicho kidude kikae uani, sawa," alisema. "Lakini wewe ulale ndani."

"Shikamoo yako, bibi, lakini bila mtu hakifanyi kazi."

"Basi kifundishe."

Nimekaa na maneno hayo likizo mbili. Nikisoma maelezo ya wapenzi wa nyota wa Ulaya na Marekani naona wanaisifu fokasi ya kujiendesha kwa kuwa inawapa usingizi. Kwetu inaamua kama picha itakuwepo au haitakuwepo.

Vifaa ni vya mitumba. Darubini ni ya lenzi, kipenyo chake milimita 80 na urefu wa fokasi milimita 480. Mjomba aliinunua alipokuwa baharia. Kamera haioni rangi, hivyo kila rangi hupigwa peke yake nyuma ya kichujio chake, kisha picha hupandishwa moja juu ya nyingine. Gurudumu la vichujio lina nafasi tano: mwanga wote, nyekundu, kijani, buluu, na kichujio chembamba cha haidrojeni kinachopitisha mwanga wa nanomita 656.3 na wa jirani zake wachache tu. Kompyuta ni Raspberry Pi yenye programu ya KStars, ya bure, isiyohitaji intaneti ikishawekwa. Umeme unatoka kwenye betri ya gari. Mota niliifunga mwenyewe: ni ile ndogo ya hatua iitwayo 28BYJ-48, ya jamii inayogeuza mapezi ya viyoyozi. Nilipata tatu Kariakoo kwa bei ya chakula cha mchana, na mbili zingali kwenye begi.

Mota hiyo huhesabu hatua 2,048 kwa mzunguko mmoja. Kishikio cha darubini yetu kikizunguka mara moja, kamera husogea milimita 20. Kwa hiyo hatua moja ni karibu mikromita 10. Darubini ya f/6 nayo haivumilii mengi: kwa mwanga wa kijani, eneo ambamo nyota bado ni kali lina kina cha mikromita 97 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Hizo ni hatua kumi: tano mbele, tano nyuma. Ukitoka hapo nyota zinaanza kuvimba.

Mashine inajuaje kwamba zimevimba? Inapiga picha, inachagua nyota, na kwa kila nyota inatafuta duara lenye nusu ya mwanga wake. Duara likiwa dogo, fokasi iko karibu. Likiwa kubwa, iko mbali. Kisha inasogeza kamera kidogo na kupima tena, mara tisa hivi, na kuchora vipimo hivyo kwenye grafu. Mchoro unatokea kama herufi V yenye kitako cha mviringo, na kitako hicho ndicho jibu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitegemei jicho. Kipimo kilicho mbali na fokasi kina faida sawa na kilicho karibu, kwa kuwa mikono miwili ya V ndiyo inayosema kitako kiko wapi.

Nifungue mabano kuhusu neno. Darasani kwetu Dar es Salaam tunasema fokasi. Watoto wa Palma wanaosoma Kireno shuleni wanasema foco. Bibi anasema darubini "imekaza macho". Nimelipenda hilo la bibi, lakini sitalitumia hapa. Kukaza macho ni juhudi ya anayetazama, na fokasi ni mahali: ipo hata kama hakuna anayetazama. Kwa kazi hii tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Sasa vichujio, ambavyo ndivyo vilivyonichosha. Kipande cha kioo kikikaa njiani mwa mwanga, kinaisukuma fokasi nyuma kwa karibu theluthi moja ya unene wake. Kichujio cha milimita 2 kinaisukuma milimita 0.67 hivi. Kama vyote vina unene sawasawa, msukumo ni mmoja na hakuna hasara. Lakini vikitofautiana kwa milimita 0.2 tu, tayari umepoteza mikromita 67, nje kabisa ya zile hatua tano. Ongeza kwamba lenzi yenyewe haikutanishi rangi zote mahali pamoja: buluu ina pake, nyekundu ina pake. Hivyo kila ukibadilisha kichujio unatakiwa kutafuta fokasi upya.

Kwa mwanga wote hilo ni rahisi. Picha ya sekunde 3 inatosha, na V nzima inakamilika kwa dakika moja au mbili. Kwa haidrojeni ni balaa. Kichujio cha mwanga wote kinapitisha upana wa nanomita 300 hivi. Hiki cha haidrojeni kinapitisha 7. Ili nyota zionekane vilevile unahitaji muda mara 43, yaani zaidi ya dakika mbili kwa kila picha. Picha tisa ni karibu dakika ishirini, kila saa. Usiku wa kusi wenye anga safi ni mfupi mno kuupoteza hivyo.

Dawa yake ni kupima tofauti mara moja na kuiandika. Nilitumia jioni tatu, kati ya magharibi na saa tatu, bibi akinitazama kutoka barazani. Kwa kila kichujio nilitafuta fokasi mara tano, nikichukua wastani, na kila mara nikirudi kwanza kwenye mwanga wote ili joto lisinidanganye. Nikapata nyekundu hatua 3 mbele, kijani sifuri, buluu 6 nyuma, haidrojeni 8 mbele. Tangu hapo mashine haitafuti fokasi kwenye haidrojeni kamwe. Inarudi kwenye mwanga wote, inachora V yake ya haraka, inaongeza hatua 8, inageuza gurudumu, inaendelea.

Hesabu hizo hazina maana kama mota ni mlegevu, na mota ya bei ya chakula cha mchana ni mlegevu. Ikigeuza mwelekeo, meno ya gia huzunguka hatua kadhaa kabla hayajashika, na kompyuta inahesabu hatua ambazo kamera haikuzisikia. Ndiyo maana programu huambiwa ifike daima kutoka upande mmoja: ikitaka kurudi nyuma, inapita mbali zaidi kisha inakuja mbele. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini ndiyo sharti la zile hatua 8 kuwa 8 kweli.

Joto la pwani yetu halishuki sana. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 26 magharibi na 20 alfajiri. Hata hivyo alumini hujikunja mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, na bomba letu ni nusu mita: kwa nyuzi 6 ni karibu mikromita 70, mbali na mabadiliko ya lenzi yenyewe. Nikaiagiza itafute upya kila joto likishuka nyuzi moja, au ikipita saa moja. Upepo ulinitia shaka zaidi. Kusi likivuma bomba hutikisika, nyota hunyooka, na V hugeuka kuwa kitu kisicho na jina. Kwa hiyo kila kipimo ni wastani wa picha tatu, na mchoro ukiwa mbaya mashine inarudi ilipokuwa badala ya kukimbilia jibu bovu.

Katikati ya Julai, karibu saa nne usiku, nebula inayoitwa M8 inapita karibu na utosi kwetu. Inang'aa kwa haidrojeni, na iko zaidi ya miaka ya nuru 4,000 kutoka hapa. Saa tatu nikaingia ndani, mlango ukafungwa. Nililala vibaya, sikuchungulia.

Asubuhi kumbukumbu ya kompyuta ilionyesha fokasi imetafutwa mara nane. Moja ilishindikana, saa saba usiku, na mashine ikarudi ilipokuwa kama ilivyoagizwa. Picha 48 za dakika tano tano zilipigwa. Nikatupa tatu za muda huo wa upepo. Bibi alizitazama kwenye simu, akauliza mbona hazina rangi. Nikamwambia hiyo ni haidrojeni tu, buluu na kijani bado.

Mawingu yalikaa wiki nzima, nami chuo kikafunguliwa. Nimemwachia mjomba karatasi ya zile namba nne, imebandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Desemba hazitamsaidia kwa M8, maana jua litakuwa limesimama upande huohuo wa anga. Buluu itangoja Julai nyingine.