Kunguru, Vifaranga na Andiko Langu

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimezama na pantoni. Hapana, nimezama kwenye andiko la utafiti.

Ngoja niwape kisa. Huku Kigamboni nimepanga kwa mama mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Mwezi uliopita kuku wake alitotoa vifaranga 11. Baada ya wiki mbili wakabaki 4. Mwizi wala hakuja usiku: ni kunguru, tena mchana kweupe, sisi tumekaa barazani. Mama akanigeukia: "Mwanangu, si wewe unayesomea wanyama huko chuoni? Sasa hawa dawa yao nini?" Nikacheka, lakini moyoni niliona aibu. Miaka yote ya kukesha na madesa, jibu sina.

Hapo ndipo nikapata mada ya uzamili: hasara ya kunguru kwa wafugaji wadogo. Nikampelekea msimamizi. Akasoma, akavua miwani, akasema, "Mada nzuri. Ila pesa atakupa nani? Weka tembo humo ndani."

Jamani, mzee hakunionea. Uzamili si kama shahada ya kwanza tulivyokuwa tunasubiri bumu; wengi wetu tunajitafutia wenyewe. Na mfadhili ukimtajia tembo, macho yanang'aa. Ukimtajia kunguru, anaangalia saa. Hata kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi zinahusu wanyama hatari kama tembo, simba, kiboko na mamba. Aliyeliwa vifaranga na kunguru atajifuta jasho kwa kanga yake.

Halafu kunguru hawa si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka. Kazi waliyopewa wakaipenda, wakaongeza na ya kwao: mayai, vifaranga, makinda ya ndege wengine. Mwaka 2010 ilianza kampeni kubwa hapa Dar, wakauawa kwa mamia ya maelfu kwa mitego na sumu inayoitwa DRC-1339. Kampeni ilipopoa, wakarudi. Si mnawaona pale feri?

Sumu hiyo ilitokana na kituo cha utafiti cha Denver, Marekani. Wenzetu kule, kudhibiti uharibifu wa wanyamapori ni fani kamili. Chuo Kikuu cha Utah State kina Taasisi ya Berryman inayoshughulikia mambo hayo hayo. Yaani kuna mtu amesomeshwa mpaka akabobea kwenye ndege wanaokula mazao! Sisi tuna nguruwe pori, ngedere, panya na kunguru, na mwanafunzi anaambiwa aweke tembo.

Nusura nimweke kweli. Nilishaandika kurasa tatu za tembo ambaye Kigamboni hajakanyaga. Kilichonirudisha ni makala moja ya mwaka 2005 ya Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Walichunguza kwa nini simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 Tanzania tangu mwaka 1990, hasa huku kusini, Rufiji na Lindi. Unajua mzizi wa tatizo ulikuwa wapi? Kwa nguruwe pori! Nguruwe wanavamia mashamba, mkulima analala shambani kuwafukuza, simba anamfuata nguruwe na kumkuta mtu kwenye kibanda. Ukitaka kumwokoa mkulima na simba, anza na nguruwe ambaye hakuna anayempiga picha.

Basi nimefuta zile kurasa za tembo. Andiko nalipeleka Ijumaa na kunguru wangu. Nimeipunguza bajeti mpaka imekonda: hakuna gari, hakuna posho ya wasaidizi. Ni mimi, daftari na kaya 40 kutoka Mjimwema hadi Kimbiji, kila wiki kuhesabu vifaranga waliototolewa na waliobaki. Wakininyima, nitaanza na kaya 10 za jirani, kwa miguu.

Jana nilimweleza mama mpango wote. Akaniuliza, "Kwa hiyo utawahesabu tu?" Nikamwambia ndiyo, mama, kwanza tuwahesabu. Akanitazama, akaenda kuwafunika wale wanne kwa tenga.

Mwenye baiskeli isiyotumika aniambie, jamani. Tuombeane.