Seli Hizo ni Zake Mwenyewe



Leo sitakaa kwenye salamu. Kuna ndugu yetu hapa Matasia, wengi wenu mtamjua hata nisipomtaja, ambaye saratani ya korodani imemrudia. Ameniruhusu niandike, mradi jina lake lisionekane. Alifanyiwa upasuaji, akamaliza kemo yake yote, akaja kanisani na mbuzi wa shukrani. Sasa vipimo vya damu vimeanza kupanda tena na picha imeonyesha uvimbe ndani ya tumbo, kule nyuma karibu na uti wa mgongo. Madaktari wamemshauri apewe kemo ya kiwango cha juu sana, pamoja na kupandikizwa seli shina. Safari ni ya India.

Tangu habari hii itoke, simu yangu haijapumzika. Dada mmoja ameniuliza, "Pasta, hizo seli si zile wanazotoa kwa mimba zilizoharibiwa?" Mwingine anasema tukimchangia aende, tutakuwa tumekiri kwamba ile shukrani ilikuwa ya uongo. Na mzee mmoja ninayemheshimu amenitumia Kumbukumbu la Torati 23:1, bila maelezo yoyote, mstari peke yake. Nikaona afadhali niwajibu mara moja, nyote msome.

Tuanze na seli. Ndani ya mifupa yako mna uboho, na huo uboho ndio kiwanda cha damu yako. Seli shina ndizo mama wa seli zote za damu: nyekundu zinazobeba oksijeni, nyeupe zinazopigana na magonjwa, na zile ndogo zinazogandisha damu ukijikata. Dawa za saratani zikiongezwa sana huua ugonjwa, lakini hukiua na kiwanda. Mtu asiye na kiwanda hicho anaweza kufa kwa maambukizi ambayo wewe ungeyamaliza kwa chai ya tangawizi.

Kwa hiyo kabla ya dawa hudungwa sindano kwa siku kadhaa, ili seli shina zitoke kwenye mfupa na kuingia kwenye damu. Damu hupitishwa kwenye mashine, seli zikachujwa, na damu iliyobaki ikarudishwa mwilini. Zile seli hugandishwa kwa baridi kali sana. Ndipo hupewa dawa, kaboplatini na etoposidi, kwa kiwango ambacho bila akiba ile kingemmaliza. Siku chache baadaye seli zake hurudishwa kupitia mshipa, kama mtu anavyoongezewa damu. Hakuna kisu. Zenyewe zinajua njia ya kurudi kwenye mfupa, na baada ya wiki mbili hivi zinaanza kuzalisha. Kwa kawaida hupumzika, kisha huanza mzunguko wa pili. (Nimehubiri Ezekieli 37 mara nyingi tangu nitoke chuo cha Biblia. Nafikiri mara ijayo sitaupita mfupa haraka hivyo.)

Dada yangu, umeona mtoto wa mtu hapo? Seli hizo ni zake mwenyewe.

Wala si majaribio ya juzi. Mwaka 1974, huko Indianapolis, Marekani, daktari Lawrence Einhorn alianza kutibu saratani hii kwa sisplatini, dawa yenye madini ya platini, na ugonjwa uliokuwa ukimaliza vijana ukaanza kupona hata ukiwa umesambaa. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 184 ambao ugonjwa ulikuwa umewarudia au umeshinda dawa za kwanza, nao wakapewa tiba hii. Kati yao 116 walipona na ugonjwa haukurudi kwa muda wote waliofuatiliwa. Walioipata ikiwa tiba ya pili walikuwa 135, wakapona 94. Walioifikia ikiwa tiba ya tatu au zaidi walikuwa 49, wakapona 22. Watatu waliuawa na ukali wa dawa zenyewe, na sitawaficha hilo. Lakini tazama tofauti ya makundi yale mawili kabla hujamwambia ndugu yetu ajaribu kwanza hiki na kile.

Wanaouliza kwa nini asisubiri huduma ije karibu: inakuja. Muhimbili kule Dar es Salaam walianza kupandikiza uboho mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wa selimundu. Namshukuru Mungu kwa majirani hao. Uvimbe, hata hivyo, haungojei.

Sasa imani. Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa karibu na kufa, Mungu anamwongezea miaka 15 kwa kinywa cha Isaya. Neno limetoka, limethibitishwa hata kwa kivuli cha jua. Na nabii yule yule ndiye anayeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Sioni mahali popote Hezekia anapoambiwa kwamba tini zinapunguza unabii. Mbuzi wa ndugu yetu alikuwa wa kweli. Alipata nafuu, tukashukuru kwa nafuu.

Na wewe mzee wangu, kwa heshima zote, baada ya Kumbukumbu 23 endelea mpaka Isaya 56, mstari wa 3 hadi wa 5, kisha Matendo 8. Filipo alimbatiza towashi wa Ethiopia njiani bila kumuuliza chochote kuhusu mwili wake. Tena ndugu yetu hata si towashi. Korodani moja yenye afya humtosha mwanamume kwa nguvu na kwa watoto. Tatizo la uzazi huletwa zaidi na dawa, ndiyo maana mbegu huhifadhiwa kabla ya kemo. Kijana, ukifika hapo, uliza daktari mapema.

Julai 2019 tulipoteza Bob Collymore, Ken Okoth na Joyce Laboso ndani ya mwezi mmoja, na Wakenya tukaanza kulitamka neno saratani. Lakini iliyo chini ya mshipi bado tunanong'ona. Kwetu Waafrika hii si ya kawaida, ila inapokuja hupenda wenye miaka 15 hadi 40. Jipapase unapooga. Uvimbe mgumu usiouma, usiuletee mafuta ya upako ukaishia hapo. Tutakuombea, na kesho yake upande matatu uende hospitali ukapimwe.

Mchango ni Jumapili baada ya ibada ya pili. Maombi yenyewe naomba yawe mahususi: seli zipatikane za kutosha, asipate maambukizi wakati damu yake iko chini, na zikirudishwa zishike. Tutaomba usiku kwa zamu siku zote 14. Zamu ya saa nane usiku haina mtu bado. Atakayeichukua aandike jina lake hapa chini.