Horohoro: Usisinzie Njiani

Abiria wengi wa basi la Mombasa huijua Horohoro kwa jambo moja tu: kushuka, kugongewa muhuri na kupanda tena. Kisha husinzia hadi Tanga, mwendo wa kilomita zipatazo 65, nao hupitwa na pembe ya pwani yetu yenye mambo mengi.

Anza hapo hapo mpakani. Mstari huo ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zisizo zao, nao ukawakata Wadigo mapande mawili. Wa Horohoro na wa Lungalunga husema lugha moja, huoana na huzikana. Tanzania ilipoufunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, ukakaa hivyo hadi 1983, watu wa hapa walifungiwa mlango wa nyumba ya mjomba. Na kwa Wadigo, ambao jadi yao ni kurithi kwa upande wa mama, mjomba si mtu wa kuamkiwa kwa mbali.

Ukipata nafasi, elekea baharini hadi Jasini. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 shamba la mkonge la huko liligeuka uwanja wa vita. Wajerumani walishinda, lakini walipoteza maofisa na risasi nyingi hata kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akaamua kuepuka mapambano makubwa. Waafrika waliokufa katika ugomvi huo hawakuwa wameuanzisha.

Kabla ya kuingia mjini Tanga yapo mapango ya Amboni, yaliyochimbwa na maji katika mawe ya chokaa. Watoto watayapenda, chukueni kurunzi, na msiwaogope popo.

Lakini mimi ningekusihi usiishie mjini. Shika njia ya Pangani, kilomita zipatazo 17, ufike Tongoni, iliyoitwa zamani Mtangata. Karibu na pwani hiyo Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake moja mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa ya nguzo. Nguzo zilizosimama ni chache. Nyingi zimelala majanini, zimevunjika. Zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina, nayo hayapo tena. Ukiwa na watoto, waambie wasizikalie.