Jina Nililolifuta

Mwezi uliopita kijana niliyewahi kumfundisha alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alinieleza shida yake kwa upole. Alikuwa ameomba kazi ya kutengeneza programu, na waajiri wakamtaka awaonyeshe kazi aliyowahi kuifanya pamoja na wengine. Akawaelekeza kwenye programu ya kukokotoa alama za wanafunzi tuliyoiandika idarani miaka kadhaa iliyopita. Wakaitazama, jina lake hawakuliona.

“Labda nimewaelekeza pasipo, Mwalimu,” aliniambia.

Hakukosea. Niliyekosea ni mimi.

Programu ile tuliitunza kwa Git, mfumo ambao Linus Torvalds aliuanzisha Aprili 2005 ili watengenezaji wa Linux, waliotawanyika duniani kote, waweze kuunganisha kazi zao. Kila mshiriki huwa na nakala ya kazi pamoja na historia yake. Hufanya mabadiliko katika tawi lake, kisha mtunzaji wa shina huyapitia na kuyaunganisha. Kwetu, mtunzaji wa shina nilikuwa mimi.

Kijana huyo aligundua kwamba programu ilikuwa ikikata desimali badala ya kukadiria. Mwanafunzi mwenye 39.5 aliandikiwa 39, akahesabiwa amefeli, ilhali kwa kanuni zetu alistahili 40. Akasahihisha, akaniletea tawi lake. Kwa bahati mbaya, nami nilikuwa nimeigusa mistari ileile kwa sababu nyingine, hivyo kazi zetu zikagongana. Hapo Git haimpendelei mtu. Huziweka pande zote mbili ndani ya faili moja, yangu juu na yake chini, na alama katikati, kisha husimama kumngoja binadamu aamue.

Ilikuwa jioni, na matokeo yalihitajika asubuhi. Sikuamua, nilikwepa. Nilisitisha kuunganisha, nikafungua faili lake, nikanakili mistari yake kumi na mmoja na kuibandika katika kazi yangu. Nikaihifadhi kwa maneno mawili: “marekebisho madogo”. Tawi lake nikalifuta. Matokeo yakatoka sahihi, wanafunzi wakapata haki yao, na historia ikaandika kwamba aliyewapatia haki hiyo ni mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba njia ya haki ilikuwapo. Kwa kila badiliko, Git hutunza majina mawili: la aliyeliandika na la aliyeliingiza. Katika Linux mabadiliko mengi hutumwa kwa barua pepe na kuingizwa na mtu mwingine, hivyo ilibidi mwandishi asipotee kwa sababu tu hana ufunguo wa mlango. Kujaza jina lake kungenichukua nusu dakika.

Nilifikiri kurudi nyuma nirekebishe. Lakini kila rekodi hupewa utambulisho unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na utambulisho wa rekodi iliyoitangulia. Ukiibadilisha moja ya zamani, zote zinazoifuata nazo hubadilika, na nakala za wenzako haziafikiani tena na yako. Kusahihisha yaliyopita kunawezekana, ila gharama yake huwaangukia watu wasiohusika na kosa.

Ndugu msomaji, nimeandika mara nyingi hapa juu ya wakubwa wanaotia saini ripoti walizoandikiwa na wasaidizi wao, na juu ya maoni ya wananchi yanayokusanywa chini ya miembe na kurudi yakiwa “maelekezo ya ofisi”. Niliwahesabu watu hao kuwa wezi. Sikudhani kwamba najisema. Mimi sikukusudia kuiba. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na mamlaka juu ya shina, na hakuna aliyekuwa akiniangalia. Nadhani sehemu kubwa ya dhuluma katika ofisi zetu hutendeka hivyohivyo, jioni, na mtu anayejiona mwema. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi hata kumnyonga sikuwa na sababu.

Wewe unayeandika muhtasari wa kikao, unayekusanya rasimu za wenzako kuwa waraka mmoja, unayesimamia utafiti wa wanafunzi: nawe umeshika shina. Kabla ya kuhifadhi, tazama mistari ni ya nani.

Nimewaandikia waajiri wale barua na kueleza yote. Kisha nimeongeza rekodi mpya katika programu, inayosema waziwazi ni nani aliyesahihisha ukokotoaji wa alama, na ni nani aliyelificha jina lake. Iko mwishoni mwa historia, si mahali pake. Kijana amenishukuru kuliko ninavyostahili. Kazi bado hajajibiwa.